Nilimhudumia bibi wa Kiajemi hapa Maskati, anatoka kijiji ambacho hata mwanawe hakukipata kwenye ramani

Wakuu, wakubwa zangu shikamooni, wadogo mambo vipi.

Mimi humu ni msomaji wa kimyakimya, miaka sasa. Leo nimejikaza kuandika.

Nyuzi nyingi za Uarabuni humu ni za kilio. Sizibishi, hayo mambo yapo na wengine nawajua kwa sura. Ila yaliyonikuta mimi ni mengine, na nitayaeleza kama yalivyokuwa. Palipo na kitu sikukielewa nitasema sikukielewa.

Majina nimebadilisha. La kijiji nimelificha kabisa, maana ni kidogo mno, ukikitaja umeshawataja watu wake wote.

Basi twende.

Mimi ni mwanamke wa Muheza, naitwa Mwanaidi. Niko Maskati, mtaa wa Khuwair ya Kusini, kwa familia ya Kiirani. Baba wa nyumba nitamwita Behruz, ana duka la zabibu kavu, lozi na viungo. Mkewe ni Nasrin, anafundisha watoto wa chekechea. Wenyewe kwa wenyewe wanaongea Kiajemi. Na mimi tunaongea Kiarabu cha huku, kile cha kuungaunga ambacho Mhindi, Mbangali na Mtanzania wote wanakielewa.

Niliajiriwa kwa kazi moja. Mama mzazi wa Behruz alikuwa anakuja kutoka kijijini kufanyiwa operesheni ya macho. Mtoto wa jicho, pande zote mbili. Walitaka mtu wa kushinda naye.

Akafika. Mwanamke mfupi, mkavu, vidole vigumu kama vya mtu aliyeshika jembe maisha yake yote. Haoni ila vivuli. Walimwandalia kitanda kizuri, yeye akapapasa zulia, akakaa chini, akaegemea ukuta.

Kiarabu hajui hata salamu ya pili. Mimi Kiajemi sijui kitu. Nikasema tu kwa Kiswahili, "Karibu, Bibi."

Akageuza shingo haraka. "Bibi?"

"Ndiyo, Bibi."

Akacheka mpaka ufizi ukaonekana. Nasrin akanifafanulia kwamba kwao wanawake wazima wa heshima wanaitwa hivyo hivyo, bibi. Kijiji kizima kinamwita Bibi. Kumbe nimemwita jina lake na sijui.

Hapo ndipo urafiki ulipoanzia.

Siku nyingine namsafisha macho kabla ya dawa, nikamwonyesha kwa kumgusisha mkononi, nikasema "pamba". Akashika. "Panbe!" Kwao ni panbe. Basi ikawa mchezo wetu. Rangi kwao ni rang. Bustani, bostan. Chai ni chai. Kila neno likigongana anapiga paja.

Mnaosema lugha yetu imejaa Kiarabu tu, kuna mjomba mwingine mmemsahau.

Lakini barafu ilituchezea. Aliniambia kwao "barf" inafika hapa, akagusa kiuno. Mimi barafu ninayoijua ni ile ya kwenye friji na ile ya wauza samaki. Nikawa najiuliza hawa watu wana kiwanda gani. Mpaka Nasrin aliporudi kazini ndipo nikajua anasema theluji.

Sasa kijiji chenyewe.

Jioni moja nilimwuliza Behruz, Baba, kwenu hasa ni wapi? Akatoa simu, akafungua ramani. "Hapa ni Bandar Abbas, ng'ambo ya bahari tu. Unapanda kaskazini, milima inaanza. Unaendelea kama unakwenda Kerman. Lami inaishia hapa. Halafu kijiji kipo hapa..."

Kidole kikasita.

"Hapa, au nyuma ya huu mlima."

Aliondoka mdogo, akasomea mjini, akaja Maskati. Nikachungulia. Kahawia tupu, kama mfuko wa khaki uliokunjwa ukakunjuliwa. Hakuna jina, hakuna hata nukta.

Bibi akauliza tunatazama nini. Akaambiwa. Akasema, na Nasrin akanitafsiria: "Kama hakipo humo, mimi nimetoka wapi?"

Na watu wake je?

Kila asubuhi akishasali, akikaa na chai yake, alikuwa ananong'ona peke yake. Majina majina, taratibu, bila kukosea. Nikadhani ni uradi. Nikawa napunguza hata sauti ya sahani kwa heshima. Nasrin akaniambia, huo si uradi, anawataja watu wa kijijini. Anaanzia nyumba ya juu kabisa mlimani, anashuka nayo mpaka nyumba ya mwisho bondeni.

Kijiji kizima kilikuwa kinaisha kabla chai haijapoa.

Nikaomba aulizwe, wako wangapi? Behruz akajibu yeye kwa haraka kwamba hakuna watu tena, wamebaki wazee tu, kila mwaka wanapungua. Bibi hakupenda. Akasema, "Waliopo wanatosha, wakikaa."

Wakati ule nililiona jibu la mkato la mtu mzima aliyekasirika.

Operesheni ya jicho la kwanza ikafanyika salama. Siku ya kufunguliwa bandeji, mtu wa kwanza yeye kumwona nilikuwa mimi. Akanikagua juu mpaka chini, akamwambia Nasrin kitu, Nasrin akacheka hadi akashika ukuta.

"Anasema alidhani wewe ni mnene."

Alifurahi jamani. Akatazama mikono yake mwenyewe, mbele na nyuma. Akatazama barabara, mabango ya maduka, magari. Kisha akaomba simu ya mwanawe aone ile ramani. Behruz akamfungulia pale pale kwenye mfuko wa khaki. Bibi akaikaribia mpaka pua inagusa kioo.

"Mlikuwa mnatazama bonde la watu wengine," akasema. Akasogeza kidole pembeni kidogo. Palikuwa na kitu cha kijani chembamba kama uzi wa kushonea, kati ya milima miwili. "Miti yetu. Maji yanapita hapa."

Ndipo na mimi nikakiona. Kijiji kizima ni ule uzi wa kijani.

Akauliza swali, maji ya Maskati yanatoka mlima gani? Akaambiwa yanatoka baharini, yanatolewa chumvi. Akafikiri sana. "Na nani anayagawa?"

Wakacheka. Nami nikacheka.

Sasa wakuu, hapa ndipo mambo yalipoharibika.

Behruz alikuwa ameshaamua kimoyomoyo kwamba mama harudi. Jicho la pili likipona, anabaki Maskati moja kwa moja. Mbuzi wake walishapewa jirani. Alimwambia mezani, kwa upole kabisa, kama anampa zawadi. Na nataka niwe mkweli, hakuwa mtu mbaya. Anampenda mama yake. Kila akitoka dukani anampitishia kitu, komamanga, tende laini, soksi.

Bibi akaweka kijiko chini. Hakugomba. Alisema neno moja tu, "Kheyr." Maana yake hapana.

Siku ya jicho la pili ilipofika akakataa kuvaa viatu. Akakaa pale kwenye zulia, amegeukia ukutani. "Jicho moja linatosha kunionyesha njia ya kurudi." Miadi ikapita. Ikapangwa nyingine, nayo akakataa. Chakula akawa anadonoa tu. Na ule mnong'ono wa asubuhi ukawa mkali, kama mtu anayehesabu huku anajua kachelewa.

Behruz akanifuata jikoni. "Mwanaidi, wewe anakusikiliza. Mwambie hapa ni pazuri."

Nieleweni nilipokuwa. Mimi nimekuja kwa ajili ya Bibi. Bibi akiondoka, kazi yangu ina maana gani? Wengine wanarudishwa nyumbani kwa sababu ndogo kuliko hiyo. Kwa hiyo nilikwenda kumbembeleza nikiwa na maslahi yangu kabisa.

Nikakaa naye chini. "Bibi, Maskati khub," nikasema, yaani pazuri. Akanishika mkono. "Ab," akasema. "Ab, ab."

Ab najua ni maji. Nikamletea glasi ya maji. Akatikisa kichwa. Nikamletea ya baridi. Akatikisa. Akaimwaga kwenye bakuli, akachukua kikombe kitupu cha chai, akakiweka juu ya yale maji, akakisukuma na kidole taratibu mpaka kikazama. Akanitazama, jicho moja zima na moja la ukungu, akisubiri nielewe.

Sikuelewa. Nilidhani uzee umeanza kumchezea akili. Nilisikitika sana, nikaenda kukunja nguo.

Ghorofa ya chini yetu anakaa mama mmoja wa Kiomani, Bi Zuwena, mzaliwa wa Unguja. Huyu ndiye Kiswahili changu cha Maskati. Nilipomweleza akashika kiuno.

"Khaa! Mtu wa shamba mnamfungia kwenye AC kama mchicha kwenye friji? Mwanangu, Ijumaa nnakwenda kwa kaka yangu Nassor, ana shamba huko nyuma ya milima ukishapita Al Amerat. Mwambie Baba yako nnamtaka huyo mama akapunge upepo. Na yeye mwenyewe aje, asijifanye ana shughuli."

Behruz akakubali, nadhani kwa kuchoka. Ijumaa baada ya sala tukapanda gari, mimi, Bibi, Behruz na Nasrin, Bi Zuwena mbele na gari lake. Njia ile inapanda mlima mkavu, mawe matupu, halafu inashuka Al Amerat kwenye nyumba mpya nyeupe zilizojipanga. Tukazipita, tukaingia barabara ya vumbi.

Bibi alikuwa amelala au anajifanya. Gari lilipozimwa, akainua kichwa. Akasikiliza.

Akafungua mlango mwenyewe na kuanza kutembea. Hakusalimia mtu, na huyu ni mwanamke wa salamu ndefu. Alipita mitende, akainama, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko.

Ilikuwa falaji. Kwa wasioijua, ni mfereji wa kizamani, unaleta maji kutoka chini ya mlima mpaka mashambani, watu wanagawana kwa zamu. Pale mbele yake alikuwa kaka yake Bi Zuwena, Mzee Nassor, anatazama kivuli cha kijiti kilichochomekwa ardhini. Kivuli kilipofika kwenye jiwe fulani, akachukua bonge la matambara na mawe, akaziba mlango mmoja wa maji, akafungua mwingine.

Bibi akasema kitu kwa sauti ya juu. Behruz akatafsiri kwa Kiarabu, anaona haya: "Anauliza hiyo ni zamu ya nani."

"Ya mjane mmoja hapo chini," akajibu Mzee Nassor.

Bibi akaomba bakuli. Bi Zuwena akamletea la bati kutoka jikoni. Bibi akachuchumaa pale maji yanapotulia, akalielesha, akaonyesha katikati ya kitako kwamba pangekuwa na tundu dogo. Akalisukuma na kidole, taratibu, likazama. Akaokota kijiwe, akakiweka pembeni. Akalitoa bakuli, akalielesha tena, likazama tena. Kijiwe cha pili. Akanyoosha mkono kuonyesha maji yanahamia shamba jingine.

Mzee Nassor akapiga kofi paja. Akatusemesha kwa Kiswahili, furaha imemjaa. "Ati mnamwona? Anapima zamu! Sisi twapima kwa kivuli, wao kwa bakuli. Huyu ni mgawa maji huyu!"

Wakuu, kumbe! Ab, ab. Kikombe kinachozama. Mwanamke alikuwa ananieleza kazi yake.

Behruz akamwuliza mama yake, na Nasrin akanisogelea akawa ananitafsiria sikioni.

"Mama, si wanagawa watu wa kina Rahim?"

"Kina Rahim walihamia mjini. Tangu baba yako afariki ni mimi."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuuliza. Ukipiga simu unauliza dawa, unauliza baridi, unauliza nimekula nini."

Akakaa ukingoni mwa mfereji, miguu ndani ya maji, akaeleza yote. Kila nyumba ina zamu yake, kuanzia ya juu mpaka ya bondeni. Hawatumii saa za mkononi, maana saa za watu zinagombana, bakuli halina upande. Macho yake yalipoanza kufifia akawa haoni bakuli limezama lini. Mmoja akapata maji mengi, mwingine miti yake ya kokwa za jozi ikakauka. Zikaanza lawama kwamba Bibi anapendelea. Nyumba mbili zikafunga milango, zikahamia mjini.

"Maji yakigombaniwa, watu wanaondoka," akasema. "Sikuja Maskati kuiona Maskati. Nimekuja nitengenezwe macho, nirudi nilione bakuli."

Yale majina ya asubuhi nayo yalikuwa ni zamu. Alikuwa ng'ambo ya bahari, haoni, na bado anagawa maji.

Mzee Nassor akamwambia Behruz, "Zamu hii mwachie mama." Bibi akasubiri kivuli pamoja naye, watu wawili wazee wasio na lugha moja, wamechuchumaa wanatazama kijiti. Kivuli kilipofika, mzee akaitikia kwa kichwa, Bibi akaziba kwa mikono yake. Maji yakageuka. Alipoinuka alikuwa amelowa mpaka magoti na uso wake siwezi kuwaelezea.

Msidhani Behruz alilainika pale pale. Nyumbani wakaanza tena.

"Ukianguka huko, mimi nitajuaje?"

"Utaambiwa na aliyekosa maji."

Nasrin akaficha uso. Behruz akanigeukia, kwa Kiarabu, mbele yao wote. "Wewe unaonaje?"

Nikasema, "Baba, mimi nimeletwa kukaa naye, akiondoka yangu siyajui. Lakini kule shamba nilimwona mtu ambaye humu ndani sijawahi kumwona."

Akaenda kusimama kwenye dirisha muda mrefu.

Asubuhi yake Bibi alikuwa amevaa viatu. Walikubaliana nini baina yao sijui, wala sikuuliza. Jicho la pili likafanyiwa, akakaa mpaka daktari aliporidhika. Kisha Behruz akafunga duka, akampeleka mwenyewe mpaka kijijini. Siku ya kuondoka Bibi alinishika uso kwa mikono yote miwili akaniita "dokhtar", binti. Nililia, sitaficha.

Kazi yangu? Nasrin alisema nyumba bado inanihitaji, na nipo mpaka leo.

Behruz alikaa huko kuliko alivyopanga. Alirudi ameungua na jua, mikono ina malengelenge. Alikuwa anazibua mfereji na wazee. Akatuonyesha video, nyumba za udongo, miti ya komamanga, watu wachache wamesimama wameziba jua kwa viganja. Nyumba moja kati ya zile mbili imerudi. Ya pili bado, na Bibi ameacha kuzungumza na wenyewe. Jirani alirudisha mbuzi, pungufu mmoja aliyeliwa harusini.

Nimefikiria sana jambo hili. Mimi na kaka yangu tulikuwa na mpango wa kumtoa mama Muheza, aje akae kwa kaka Chanika. Tulishakubaliana, tulikuwa tunasubiri shule zifungwe. Tuliona yuko peke yake, anapata tabu bure.

Wiki ile nikampigia. Baada ya salamu nikamwuliza, "Mama, ukiondoka hapo, nini kitakwama?"

Nikasikia anavuta kigoda.

Kisha akaanza. Kwamba yeye ndiye anayeitwa kuosha maiti za wanawake, mwenzake wa mwisho amepooza. Kwamba mipaka ya mashamba bondeni ni yeye anakumbuka masale, ile miti ya mpaka, yalipandwa wapi, na wajukuu wa watu wamekaribia kushikana mapanga mara mbili, yeye akaenda akaonyesha. Kwamba kuna mtoto wa jirani hanywi dawa za kifafa mpaka apewe na yeye. Aliongea mpaka bando langu likaisha, na alikuwa hajamaliza.

Nimezaliwa na huyu mwanamke, na yote hayo nilikuwa nayasikia kwa mara ya kwanza.

Nimemwambia kaka asimame kwanza. Hajafurahi, mpaka sasa tunajibizana kwa mkato. Anasema mama akiugua itakuwa juu yangu. Inawezekana ana haki, na hilo linaninyima raha. Lakini angalau sasa najua tunabishania mtu gani.

Nilichojifunza ni hicho tu. Tukiona mzazi amebaki mahali pasipo na watu, pengine hao wachache wamebaki kwa sababu yake.

Haya, wenye wazazi vijijini, uwanja ni wenu, hata wa kunipinga nitawasoma. Nianze na swali moja tu: mkiwapigia simu, huwa mnawauliza nini?